Wakuu wa Arusha na Moshi: kusoma vinasaba vya bakteria wa tumbo kutatuonyesha chakula kinachotuumiza?

#1 Mjukuu_wa_Sanawari

Habari za jioni wakuu.

Mama yangu mdogo amelazwa hospitali moja hapa Arusha kwa homa na kuharisha. Alianzia zahanati ya mtaani, wakampima Widal, wakasema taifodi, akapewa antibiotiki ya sipro. Homa ikashuka, ikarudi kwa nguvu. Hospitalini wakachukua damu na choo kwenda kuotesha maabara, waone ni bakteria gani ataota. Akaja pia mtafiti na fomu ya ridhaa, akaeleza kwamba mdudu akipatikana watasoma vinasaba vyake na kumlinganisha na wadudu wa wagonjwa wengine wa mjini. Mama mdogo akasaini.

Majibu ya kuotesha yametoka: ni bakteria wa salmonela, ila sio ile ya taifodi. Tangu hapo nyumbani hakuna amani. Baba mdogo anasema ni kachumbari ya kwenye choma. Shangazi anasema ni maji ya kisima cha jirani. Bibi anasema ni mayai.

Swali langu: huko kusoma vinasaba kutamaliza huu ubishi? Kutatuambia ni chakula gani? Na mgonjwa mwenyewe ananufaika na nini?

#2 Nyota_ya_Njiro

Pole kwa mama mdogo. Nimekaa mkao wa kusoma, waje watu wa maabara.

#3 Chalii_Ngarenaro

Baba mdogo wako yuko sahihi, hata maabara haihitajiki. Nenda sehemu yoyote ya choma jioni uangalie kisu. Nyama mbichi inakatwa pale pale, ikiiva inarudi kwenye kibao kile kile, halafu nyanya na kitunguu vinakatwa na kisu kile kile. Nyama imepita motoni, kachumbari haijapita popote. Mdudu aliyetoka kwenye nyama mbichi anahamia kwenye nyanya. Mimi siku hizi naagiza nyama, ndimu na pilipili nzima, basi.

#4 MamaMboga_Kilombero

Chalii unaongea kama vile nyanya imezaliwa kwenye hicho kibao. Mimi nauza mboga Kilombero miaka mingi na nitasema ukweli hata kama unaniharibia biashara. Mchicha na sukuma wiki wa pembezoni mwa mito yetu unamwagiliwa kwa maji ya mto. Themi inapita katikati ya mji, inapokea kila kitu: vyoo, mashimo, mifereji. Mboga inafika sokoni inang'aa, kumbe imenyunyiziwa maji ambayo mwenye shamba hawezi kunawia uso. Mchicha unapikwa, sawa. Saladi, giligilani, kabichi mbichi je? Kwa hiyo shangazi naye ana hoja yake, maji yanaingia kwa mlango mwingine tu.

Ninachoomba mimi, wasije kumpima mama mboga peke yake. Waanzie shambani.

#5 Maabara_Kaskazini

Nafanya kazi maabara ya vimelea, ngoja nieleze kwa utaratibu.

Kwanza Widal. Kile kipimo hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili kwenye damu, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na kitu kinachofanana na salmonela. Kimekuwepo tangu 1896. Kwenye miji kama yetu ambapo watu wengi wameshakutana na hawa wadudu, au wana homa nyingine kabisa, kinaweza kusema ndiyo wakati taifodi haipo. Ndiyo maana mtu anakwambia "nina taifodi sugu, kila nikipima ipo". Inayobaki ni kingamwili. Mdudu pengine hakuwahi kuwepo.

Pili, kuotesha. Hapa unamkamata mdudu mwenyewe. Lakini nako kuna mapungufu: kwa taifodi, kuotesha damu hukamata takriban wagonjwa 6 kati ya 10 wanaoumwa kweli, na kama mgonjwa ameshameza antibiotiki hali inakuwa mbaya zaidi. Mama yako mdogo ana bahati kaota baada ya sipro. Au sio bahati: huenda mdudu haogopi sipro.

Tatu, vinasaba. Salmonela ana DNA yenye herufi karibu milioni 5. Zamani walikuwa wanaangalia jeni 7 tu na kumpa mdudu namba ya ukoo. Sasa hivi zinasomwa herufi zote. Wagonjwa wawili wasiojuana wakikutwa na wadudu wanaotofautiana herufi chache mno, unajua wametoka chimbuko moja karibuni, kama unavyoona chapa moja kwenye ng'ombe wawili waliopotelea minada tofauti. Wakitofautiana mamia ya herufi, kila mmoja kapata kwake.

Sasa jibu la swali lako. Vinasaba vya mdudu wa mgonjwa peke yake haviwezi kusema "kachumbari" wala "mayai". Vitasema anafanana na nani. Ili vitaje chakula, lazima mtu awe ameshachukua sampuli za nyama, mayai, mboga na maji, akaotesha, akasoma na hizo. Bila upande wa pili huna cha kulinganisha nacho.

Faida kwa mgonjwa ni kwamba jeni za usugu zinaonekana. Badiliko la herufi moja kwenye jeni iitwayo gyrA linatosha kupunguza nguvu ya sipro. Ila kwa leo hii kitandani, daktari anafuata vile vidonge vya karatasi vyenye dawa tunavyoweka kwenye sahani ya kuoteshea, kuona dawa ipi inamuua mdudu. Vinasaba huwa vinachelewa.

#6 Nyota_ya_Njiro

Asante sana #5. Nina wasiwasi mmoja lakini. Vinasaba vinavyosomwa ni vya mdudu au vya mama? Watu wanaogopa kusaini hizo fomu, wanasema DNA ya mtu inapelekwa nje ya nchi.

#7 Maabara_Kaskazini

Dada, ni vya mdudu. Choo kinapandwa, mdudu akiota anahamishwa peke yake kwenye sahani safi mpaka abaki yeye tu, ndipo DNA yake inatolewa. Ya mgonjwa haimo. Ila ni haki ya mgonjwa kuuliza kabla ya kusaini: sampuli zitahifadhiwa wapi, zitasafirishwa, nani atapewa majibu. Mtafiti asiyetaka kuulizwa, msisaini.

Na sio lazima vitu viende nje. Hapo Moshi, taasisi ya utafiti iliyo chini ya hospitali ya KCMC imeshasoma vinasaba vya bakteria wa wagonjwa kwa miaka kadhaa sasa.

#8 Mangi_wa_Rau

Nimesikia Moshi imetajwa, naingia. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika kwetu mwaka 2007 na 2008, kwenye hospitali mbili, KCMC na Mawenzi. Walichukua wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528. Unajua waliokuwa na malaria kweli ni wangapi? 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, na zaidi ya robo ya waliopimwa magonjwa ya mifugo walikutwa nayo: brusela, leptospira, homa ya Q, homa za kupe.

Ndiyo maana nasema hii habari ya kachumbari mnaikuza. Salmonela yote inatoka kwa mifugo, tunaishi nayo uani. Ng'ombe yuko bandani hatua mbili kutoka jikoni, kuku wanalala stoo. Mkojo, samadi, maziwa yasiyochemshwa, supu ya kisusio yenye damu kwenye sherehe. Watafute huko.

#9 Sista_wa_Wodi

Mangi, takwimu zako ni sahihi na kila daktari wa kaskazini angepaswa kuzijua. Lakini "salmonela yote inatoka kwa mifugo" hapana. Ile ya taifodi inaishi kwa binadamu tu. Ng'ombe hana, kuku hana. Taifodi inatoka kwenye choo cha mtu, inapita kwenye mikono au maji, inaingia mdomoni kwa mtu mwingine. Kwa mama mdogo wa mleta uzi ambaye hana ya taifodi, hoja ya mifugo inaweza kusimama. Na brusela, leptospira na homa ya Q ni wadudu wengine kabisa, tusiwaweke kwenye chungu kimoja na salmonela.

#10 Mangi_wa_Rau

Nimekusoma sista. Ila kisusio sijakitetea wala kukilaani, msije mkanitoa kwenye ukoo.

#11 Chalii_Ngarenaro

Mangi ameogopa wazee wa ukoo kuliko bakteria 😀

#12 Fundi_Kuku_Tengeru

Bibi wa mleta uzi katajwa mara moja tu na mmempita. Mimi nafuga kuku wa mayai na nitasema linalofanyika, kwa sababu na wanangu wanakula mayai.

Kifaranga akiingia bandani, siku za kwanza anapewa dawa kwenye maji hata kama haumwi, "kinga". Akikohoa mmoja, banda zima linapewa. Wengi hawasubiri siku zinazotakiwa kabla ya kuuza mayai, maana kumwaga trei ni hasara. Hapo bakteria wa tumbo la kuku wanazoea dawa kabla hawajafika kwako. Kuna aina ya salmonela inaingia hadi ndani ya yai kabla ganda halijajijenga, kwa hiyo hata ukiosha ganda haisaidii. Chipsi mayai inayoteremshwa ute bado unatiririka, hapo mtu anajitafutia.

Mimi niliacha dawa za kuzuia baada ya bwana mifugo kunikalisha chini. Nilibadilisha matandazo, nikapunguza msongamano, nikaweka dawa ya kukanyaga mlangoni. Vifo havikuongezeka.

#13 Maabara_Kaskazini

Nakazia #12. Na kuna mwenzake anayesahaulika, kampilobakta. Anakaa sana kwa kuku. Huyu hapendi hewa yenye oksijeni nyingi, anataka nyuzi 42, kwa hiyo maabara nyingi za kawaida hazimtafuti kabisa. Ukiandikiwa "hakuna kilichoota" usidhani hakuna kitu. Inawezekana hakutafutwa. Kwa baadhi ya watu, wiki chache baada ya kuharisha, anasababisha kinga ya mwili kushambulia mishipa ya fahamu, mtu anapooza miguu.

#14 Mama_Pasua

Naomba niwape kisa chetu maana kinahusu. Mwanangu ana seli mundu. Alianza kulia mguu, usiku mzima. Kituo cha kwanza wakasema maumivu ya kawaida ya seli mundu, wakatupa dawa ya maumivu tukarudi nyumbani. Mguu ukavimba, joto halishuki. Tukaenda kwingine, daktari kijana tu akasema huyu aoteshwe damu na apigwe picha ya mfupa. Ikawa salmonela kwenye mfupa. Alidungwa sindano muda mrefu, sasa anatembea.

Nyumba nzima tulikula chakula kimoja. Hakuna mwingine hata aliyeharisha. Kwa hiyo wakuu, mnaangalia vinasaba vya mdudu, mbona hamuangalii mwili wa mgonjwa?

#15 Sista_wa_Wodi

Mama Pasua, pole na hongera kwa kumpigania mtoto. Huyo daktari alifanya kazi yake. Mifupa ya wenye seli mundu inakuwa na sehemu zilizokosa damu, na salmonela hupenda kwenda kukaa humo. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa seli mundu akiona homa na kiungo kimoja kinauma kuliko kawaida, aombe kuoteshwa damu, asione aibu.

Na hoja yako ni nzito. Ile salmonela isiyo ya taifodi kwa mtu mzima mwenye afya huwa inaharisha siku chache na kuisha, hata antibiotiki haihitajiki, maji ya chumvichumvi ya ORS yanatosha, na kwa watoto unaongeza zinki. Ikiingia kwenye damu, tunauliza: huyu ana VVU? Ni mtoto mwenye utapiamlo? Katoka kwenye malaria? Ana kisukari? Mleta uzi, mama mdogo ana lolote kati ya haya? Usituandikie hapa kama ni siri, mwambie daktari tu.

#16 Mjukuu_wa_Sanawari

Asanteni nyote. Sista, hilo ameruhusu niseme: ana vidonda vya tumbo, anatumia omeprazoli kila siku kwa muda mrefu, ananunua mwenyewe duka la dawa. Kisukari hana.

Jingine ni kwamba siku hizo kabla hajaugua tulikula msiba mmoja, tukala choma Kwa Mrombo Jumapili, na nyumbani kulikuwa na mtindi wa kununua. Kote huko tulikuwa pamoja, kaugua yeye tu.

#17 Sista_wa_Wodi

Omeprazoli! Tindikali ya tumbo ni mlinzi wa kwanza, inaua salmonela wengi kabla hawajafika utumbo. Ukiizima kila siku, unahitaji wadudu wachache tu kuugua. Asiache ghafla bila kuongea na daktari, lakini aulize kama bado anaihitaji. Kwa hiyo inawezekana wote mlikula mdudu mmoja, nyie akafia tumboni.

#18 Chalii_Ngarenaro

Jumapili choma. Narudia, CHOMA. Na kachumbari ilikuwepo au haikuwepo?

#19 MamaMboga_Kilombero

Na msiba je, chalii? Chakula cha msiba kinapikwa alfajiri, wali unakaa kwenye sufuria umefunikwa mpaka watu warudi makaburini saa tisa. Na mtindi je? Unachagua kile kisichokupendeza wewe tu.

#20 Msomi_wa_Usa

Nisome kidogo kwa niaba ya waoga wa ubishi huu, maana mifano ya dunia ipo.

Afrika Kusini 2017 hadi 2018, bakteria wa chakula aitwaye listeria. Zaidi ya wagonjwa 1,000, zaidi ya 200 wakafa, wakiwemo vichanga wengi. Hospitali zilituma bakteria, wakasoma vinasaba, wakakuta wengi mno ni ukoo mmoja, ST6. Hapo wakajua chimbuko ni moja, ingawa wagonjwa walikuwa mikoa yote. Kilichowafikisha kwenye chakula chenyewe ni watoto wa kituo cha kulelea Soweto walioharisha Januari 2018. Wakakagua friji ya kituo, wakakuta poloni (nyama ya kusindikwa kama soseji nene), wakaifuata hadi kiwandani, mdudu wa kiwandani akafanana na wa wagonjwa. Machi mwaka huo huo waziri wa afya akatangaza chimbuko.

Mfano wa pili, Ujerumani 2011. Bakteria wa E. koli mkali, zaidi ya watu 50 walikufa. Vinasaba vilisomwa haraka mno na dunia nzima ikaviona. Lakini mwanzoni lawama zilitupiwa matango ya Hispania, wakulima wakapoteza mali. Waliokuja kutaja mbegu za uwatu zilizochipushwa ni wale waliokaa na walaji wa mgahawa mmoja, wakachambua kila sahani iliagizwa na nani.

Kwa hiyo mimi nasema mashine peke yake haitoshi. Tunahitaji mabwana afya wenye daftari, wanaofika nyumbani kwa mgonjwa na kuuliza ulikula nini, wapi, na nani.

#21 Mangi_wa_Rau

Daftari lipo, mafuta ya pikipiki ya bwana afya ndiyo hayapo. Na sikuhizi hata mwenye mamlaka ya chakula watu hawamjui. Wengi bado wanasema TFDA, kumbe tangu 2019 usalama wa chakula ulihamia TBS na dawa zikabaki TMDA. Mgonjwa yuko wizara ya afya, kuku yuko wizara ya mifugo, mchicha kilimo, yai likiingia dukani ni TBS. Nani anaweka karatasi zao meza moja?

#22 Maabara_Kaskazini

Mangi hapo umegusa penyewe. Msomi #20, nakubaliana na wewe nusu. Kwa Afrika Kusini bila vinasaba wasingejua hata kama wana mlipuko mmoja, maana wagonjwa walitawanyika. Vyote viwili vilihitajika.

Niongeze kitu kinachoweza kuwavuruga wote, team choma na team mboga. Kuna ukoo wa salmonela unaitwa ST313, ulielezwa 2009 kutokana na wagonjwa wa Malawi na Kenya. Unaingia kwenye damu, unaua watoto na wenye VVU. Walipousoma wakakuta jeni zake kadhaa zimeharibika, dalili inayofanana na ile ya taifodi, yaani mdudu anaacha maisha ya tumbo la kila mnyama na kuegemea binadamu. Wapo wanaoamini unaenezwa zaidi mtu kwa mtu kuliko kutoka kwa kuku au ng'ombe. Kama mdudu wa mama mdogo ni wa ukoo huo, basi chakula kilikuwa gari tu, dereva ni mkono wa mtu.

#23 Mama_Pasua

Yaani mpishi?

#24 Sista_wa_Wodi

Anaweza kuwa mpishi, anaweza kuwa yeyote mwenye choo bila sabuni. Kwa taifodi historia ipo: Mary Mallon, mpishi wa New York, alibeba mdudu bila kuumwa, familia alizopikia zikaugua. Alitengwa na akafia kwenye kutengwa mwaka 1938. Mdudu huwa anajificha kwenye mfuko wa nyongo. Kwetu wapishi wanatakiwa kupima afya mara kwa mara, na naomba wamiliki wa migahawa waache kununua vyeti bila kupima.

#25 Nyota_ya_Njiro

Mimi tangu mwanzo nilidhani ni haya maji yetu ya Arusha yenye floraidi.

#26 Maabara_Kaskazini

Hapana dada, floraidi inaharibu meno na mifupa ikizidi, haileti salmonela. Na kuchemsha hakuitoi, wakati salmonela inakufa. Ni mambo mawili tofauti, kila moja na dawa yake.

#27 Fundi_Kuku_Tengeru

Swali kwa #5 na #22. Nataka kuleta kinyesi cha kuku wangu na mayai vipimwe vilinganishwe na vya wagonjwa. Nikikutwa nao nitafungiwa banda? Wafugaji wengi watajificha kwa hofu hiyo tu.

#28 Maabara_Kaskazini

Kaka, anza na maabara ya mifugo, usilete hospitali. Kwenye tafiti, sampuli huwekewa namba badala ya jina la mfugaji, lakini muulize mtafiti hilo likiwa kwenye maandishi kabla hujampa hata trei moja.

#29 Mjukuu_wa_Sanawari

Mama mdogo amebadilishiwa sindano leo, sahani ya dawa imeonyesha sipro haimuwezi huyo mdudu. Homa imeshuka tangu mchana. Mtafiti amesema vinasaba bado. Nimemuuliza kama wanachukua pia sampuli za chakula, akasema awamu hii ni wagonjwa tu.

#30 MamaMboga_Kilombero

Mungu ni mwema, ampe nguvu. Mwambie huyo mtafiti aje Kilombero alfajiri mboga zinaposhuka, nitampa mchicha, giligilani na maji tunayonyunyizia, bure. Na apite na Ngarenaro kwa chalii, achukue kibao.

#31 Chalii_Ngarenaro

Kibao nitakibeba mwenyewe mama. Apite na kwenye msiba pia.